Je, watu wa zama za kati walisoma maandiko neno kwa neno?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha shule ya Jumapili, na jirani yangu ni ustadhi wa madrasa. Tumebishana sana, lakini jambo moja tunakubaliana: kwamba watu wa kale, wawe Wayahudi, Wakristo au Waislamu, waliyachukua maandiko kama yalivyoandikwa, na kwamba kutafuta maana ya ndani ni mtindo wa wasomi wa leo. Je, tuko sahihi? Pia, ni kweli kwamba kila dini ilifasiri kitabu chake peke yake bila kuwatazama wengine? La mwisho ni langu mwenyewe: Wimbo Ulio Bora, wenye mabusu na matiti ndani yake, watu hao wacha Mungu waliusomaje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo mnalokubaliana, kwa sababu ndilo lisilo sahihi. Wasomaji wa zama za kati, tuseme kuanzia karne ya 9 hadi ya 15, hawakusoma maandiko neno kwa neno tu, na hii ni kweli kwa wanazuoni wakubwa wa dini zote tatu. Maana ya ndani haikuletwa na vyuo vikuu vya leo. Ilikuwepo hata kabla ya zama hizo kuanza. Kilichowatoa jasho ni kitu kingine, ambacho sisi tunakidhania chepesi: kuipata maana ya wazi yenyewe, na kukubaliana ni lini mtu ana ruhusa ya kuiacha.

Maana za ndani nitazipitia haraka, kwa kuwa habari yake inajulikana zaidi. Katika karne ya 3 Origen wa Alexandria alifundisha kwamba andiko lina mwili, nafsi na roho. Mtawa John Cassian, aliyefariki karibu mwaka 435, alitoa mfano ambao Ulaya iliurudia kwa miaka elfu moja: Yerusalemu. Kihistoria ni mji wa Wayahudi. Kwa fumbo ni Kanisa la Kristo. Kwa upande wa maadili ni roho ya mwanadamu, ambayo Mungu huikemea au kuisifu kwa jina la mji huo. Na kwa kutazama mwisho wa safari ni mji wa mbinguni. Kufikia karne ya 13 wanafunzi walikuwa wakikariri maana hizo nne kwa beti za Kilatini.

Upande wa Waislamu, Sahl al-Tustari, mwanasufi aliyefariki mwaka 896, aliandika kwamba kila aya ina maana nne: dhahiri (ya wazi), batini (ya ndani), mpaka wake, na mahali pa kuchungulia kutoka juu. Upande wa Wayahudi, Bahya ben Asher wa Zaragoza mwaka 1291 aliifasiri Torati kwa njia nne: maana ya wazi, mapokeo ya wahenga, akili, na elimu ya siri ya Kabbalah. Usikimbilie kusema kwamba walinakiliana. Hesabu inafanana, lakini yaliyomo hayafanani: ngazi ya Cassian inaishia mbinguni, ya al-Tustari inaishia moyoni mwa mja anayefunuliwa, na ya Bahya inaishia katika siri za Uungu. Kinachotosha kwa mjadala wenu ni kwamba mtu aliyesema andiko lina maana moja tu, hiyo ya juu juu, angekuwa mgeni katika madarasa yao yote.

Sasa lililo gumu. Ukishakubali kwamba andiko lina zaidi ya tabaka moja, nani atamzuia mtu kulifanya liseme lolote apendalo? Swali hilo liliwasumbua wote, na jibu lililonyooka kuliko yote ninayoyajua ni la Saadia Gaon. Alizaliwa Misri mwaka 882, na mwaka 928 akawekwa kuwa mkuu wa chuo kikongwe cha Kiyahudi cha Sura, Iraki. Aliitafsiri Torati kwa Kiarabu, na mwaka 933, katika kitabu chake cha imani, alisema hivi: kila neno la andiko lichukuliwe kwa maana yake ya wazi, isipokuwa kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni pale macho na masikio yanapokataa. Mwanzo 3:20 inasema Hawa ni "mama yao wote walio hai", nasi tunaona ng'ombe na simba hawakuzaliwa na mwanamke. Basi maana yake ni wanadamu wote. Ya pili ni pale akili inapokataa. Kumbukumbu la Torati 4:24 inasema Mungu ni "moto uteketezao". Moto huwashwa na huzimika, na Mungu hayuko hivyo, basi kinachosemwa ni adhabu yake. Ya tatu ni pale andiko jingine linapopinga: "Msimjaribu Bwana, Mungu wenu" linakutana na Malaki, ambako Mungu mwenyewe anasema "mkanijaribu kwa njia hiyo", kwa hiyo lazima moja lifasiriwe kwa kulitazama jingine. Ya nne ni pale mapokeo yanapoeleza. Torati inataja fimbo 40, lakini mapokeo ya marabi yanasema ni 39, basi andiko limetaja hesabu ya mkupuo.

Kanuni hizo zinafanya kazi mbili kwa pamoja. Zinafungua mlango na papo hapo zinaweka bawabu mlangoni. Hutoki kwenye maana ya wazi kwa sababu imekuchosha, au kwa sababu umeota jambo zuri zaidi. Unatoka kwa sababu umelazimishwa, na lazima uonyeshe ni kitu gani kilichokulazimisha. Ukitaka jambo moja la kumpelekea ustadhi kutoka katika barua hii yote, mpelekee hili, kwa sababu atalitambua mara moja. Linafanana sana na yale ambayo wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wakiyajadili Iraki hiyohiyo, miaka hiyohiyo, kwa lugha ileile ya Kiarabu ambayo Saadia aliitumia.

Kwao mjadala ulikaa juu ya kituo kimoja cha usomaji. Sura ya 3 ya Kurani, aya ya 7, inasema Kitabu kina aya zilizo wazi, ambazo ndizo msingi, na nyingine zenye kufanana, yaani zenye kuchukua maana zaidi ya moja. Kisha inasema kwamba hakuna ajuaye taawili yake, yaani ufafanuzi wa maana iliyo nyuma ya maneno, ila Mwenyezi Mungu. Ukisimama hapo, wenye kuzama katika elimu wanaanza sentensi nyingine: wao husema tu, "Tumeiamini." Lakini ukiunganisha bila kusimama, wenye elimu nao wanaijua taawili hiyo. Kusimama au kutosimama kunabadilisha kazi nzima ya mfasiri. Wengi walisimama. Mujahid, mwanafunzi wa sahaba Ibn Abbas, anapokewa kwamba aliunganisha. Al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, anazileta kauli hizo mbili pamoja na minyororo ya wapokezi wake, halafu anachagua ile ya kusimama.

Tuuchukue mfano mmoja unaowagusa nyote wawili: mkono wa Mungu. Torati imeutaja mara nyingi, Zaburi vilevile, na Kurani inasema katika sura ya 48, aya ya 10, kwamba mkono wa Mwenyezi Mungu uko juu ya mikono yao. Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa juu ya Mwenyezi Mungu kulingana, yaani kukaa sawa, juu ya Arshi, kiti chake cha enzi, anapokewa akijibu kwamba kulingana kunajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kuuliza namna yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Hapo pana njia ya kwanza: amini, usiulize vipi. Al-Zamakhshari wa Khwarazm, aliyefariki mwaka 1144, alichukua njia nyingine. Alikuwa Muutazila, yaani wa kundi lililoipa akili nafasi kubwa katika dini, na bingwa wa lugha. Alipofika sura ya 5, aya ya 64, inayosema mikono ya Mungu imekunjuliwa, alieleza kwamba Waarabu wakisema mkono umefungwa au umekunjuliwa wanakusudia ubahili na ukarimu tu. Hata mtu aliyekatwa mkono hadi begani, akitoa zawadi kubwa, watasema: jinsi gani mkono wake ulivyokunjuliwa! Msemaji wa Kiswahili aliyewahi kumwita mtu "mkono wa birika" hahitaji kuelezwa zaidi.

Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, alikataa njia hiyo kabisa. Kwake mkono ni sifa ya kweli ya Mungu, si neema wala uwezo, ila haufanani na mikono ya viumbe. Tafadhali liangalie vizuri hili, kwa kuwa mara nyingi husimuliwa vibaya. Hata yeye, mtetezi mkali wa dhahiri, hakusema Mungu ana kiganja cha nyama na vidole vya mifupa. Wote walikubaliana kwamba Mungu hafanani na chochote. Walichobishania ni nini mtu afanye baada ya kukubali hivyo: anyamaze, au aeleze?

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona hatari nyingine katika ubishi huo, nayo ni watu kukufurishana. Akaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mwenye kufasiri haitwi kafiri maadamu anafuata kanuni ya taawili, yaani ana hoja ya kuonyesha kwamba dhahiri haiwezekani. Akaongeza kwamba hata imamu Ahmad bin Hanbal, aliyekuwa mbali kabisa na taawili, alilazimika kuitumia katika hadithi tatu, mojawapo ile isemayo kwamba moyo wa muumini uko kati ya vidole viwili vya Mwingi wa Rehema. Ibn Taymiyya baadaye aliikanusha habari hiyo juu ya Ahmad. Mimi nauona ubishi huo juu ya habari moja kuwa na faida kubwa kwa msomaji wa leo, kwa sababu unaonyesha kwamba pande zote mbili ziliona umuhimu wa kujua ni nani aliyetangulia kuufungua mlango, na mara ngapi.

Cordoba iliwatoa watu wawili waliokwenda mbali zaidi. Ibn Rushd alizaliwa huko mwaka 1126, na Musa bin Maymun, ambaye Ulaya humwita Maimonides, alizaliwa humohumo miaka kama 12 baadaye. Ibn Rushd alikuwa kadhi na mjukuu wa kadhi. Aliandika kwamba haki haipingani na haki: jambo likithibitika kwa hoja ya yakini, na dhahiri ya andiko ikaonekana kulipinga, basi dhahiri hiyo inakubali taawili kwa kanuni za lugha ya Kiarabu. Lakini alikataza taawili hizo zisitangazwe kwa kila mtu, maana watu hawafanani katika njia wanazoaminia. Ukimbomolea mtu dhahiri yake kabla hajaweza kuielewa hoja, umemwacha bila kitu.

Maimonides aliandika kitabu chake cha kuwaongoza waliotatizika karibu mwaka 1190 huko Misri, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sehemu kubwa ya juzuu la kwanza ni uchambuzi wa maneno kama kushuka, kukaa, uso na mguu, akionyesha kwamba yakisemwa juu ya Mungu hayahusu mwili. Halafu anafika kwenye suala la uumbaji na kusema jambo la ujasiri mkubwa. Hakatai fundisho la Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwamba ulimwengu hauna mwanzo eti kwa sababu maandiko yanasema uliumbwa. Milango ya taawili haikufungwa, na angeweza kuyafasiri maandiko hayo kama alivyoyafasiri yale ya mwili. Anakataa kwa sababu Aristotle hakulithibitisha. Rudi kwa Saadia uone ni kanuni gani hiyo: akili inalazimisha pale tu inapokuwa na hoja kamili, na dhana haitoshi.

Thomas Aquinas, mtawa Mkristo wa shirika la Wadominiko aliyefariki mwaka 1274, alimsoma Maimonides katika Kilatini na kumtaja mara nyingi kwa jina la Rabi Musa. Yeye alilipanga suala hili kwa namna ambayo ingewapunguzia ubishi wewe na jirani yako. Alisema tamathali ya lugha ni sehemu ya maana ya wazi yenyewe. Andiko likisema mkono wa Mungu, maana yake ya wazi si kiungo cha mwili. Maana yake ya wazi ni kile ambacho kiungo hicho kinakiashiria, yaani uwezo wa kutenda. Na akaweka sharti zito: hoja ya mafundisho ya imani hujengwa juu ya maana ya wazi peke yake, wala si juu ya mafumbo. Fumbo linaweza kumlea muumini, lakini halithibitishi fundisho. Wahubiri wengi wa leo wanaosema wanafuata desturi ya kale wangeliona sharti hilo kuwa gumu.

Kabla sijaliacha hili, muulize ustadhi kama ana Tafsiri ya Jalalayn. Kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa tafsiri zinazosomeshwa katika darsa za pwani yetu, na ni kazi ya zama za kati: Jalaluddin al-Mahalli aliianza Cairo, akafariki mwaka 1459, na mwanafunzi wake Jalaluddin al-Suyuti akaimalizia akiwa kijana. Ifungueni pamoja. Kwenye sura ya 48, aya ya 10, al-Mahalli anaueleza mkono wa Mungu kuwa ni kwamba Mwenyezi Mungu anakiona kiapo chao cha utii na atawalipa kwacho. Kwenye sura ya 20, aya ya 5, juu ya kulingana kwenye Arshi, mtu huyohuyo anasema tu kwamba ni kulingana kunakomstahiki, kisha anaendelea. Mahali pamoja ameeleza, na mahali pengine amenyamaza. Hakuwa mtu wa kambi. Alikuwa anapima kila aya kivyake.

Swali lako la pili ni kama kila mmoja alisoma peke yake. Hapa ndipo ninapofurahi zaidi katika kazi hii, na utaniwia radhi nikirefusha.

Sarufi ndiyo iliyowaunganisha. Wanazuoni wa Basra, akiwemo Sibawayh mwishoni mwa karne ya 8, waliichambua lugha ya Kiarabu kwa undani, na elimu hiyo ikawa tegemeo la kuihudumia Kurani. Wayahudi waliosema Kiarabu waliuona uchambuzi huo, wakajiuliza kama Kiebrania nacho kina mpangilio kama huo. Huko Cordoba, mwishoni mwa karne ya 10, Yehuda Hayyuj alionyesha kwamba vitenzi vya Kiebrania vimejengwa juu ya mizizi ya herufi tatu, sawa na vile Kiarabu kinavyotoa kitabu, katibu na maktaba katika k-t-b. Ghafla mistari mingi ya Biblia iliyokuwa giza ikafunguka. Mwaka 1140 Abraham ibn Ezra, mshairi na mfasiri wa Tudela, aliondoka Hispania, na alipofika Roma akavitafsiri vitabu vya Hayyuj kwa Kiebrania kwa ajili ya Wayahudi wasiojua Kiarabu. Akaendelea kuzunguka Italia na Ufaransa, na mwaka 1158 alikuwa London. Kwa hiyo elimu iliyozaliwa kwa ajili ya Kurani ilifika kwenye ukungu wa Uingereza mikononi mwa Myahudi aliyekuwa akifasiri Torati.

Kaskazini mwa Ufaransa, Wayahudi walikuwa wameanza safari yao wenyewe. Rashi wa Troyes, aliyeishi 1040 hadi 1105, aliandika kwenye Mwanzo 3:8 kwamba wahenga wameacha hadithi nyingi za ufafanuzi juu ya mahali hapo, na kwamba yeye amekuja kwa ajili ya maana ya wazi ya andiko na zile hadithi tu zinazoyakalisha maneno mahali pake. Akikwama kwenye neno la chombo au mmea, alilitaja kwa Kifaransa cha mtaani kwake, akiliandika kwa herufi za Kiebrania, na wanaochunguza Kifaransa cha kale wanavitumia vitabu vyake mpaka leo. Mjukuu wake Samuel ben Meir, aitwaye Rashbam, alibishana naye ana kwa ana. Amesimulia mwenyewe kwamba babu yake alimkiri kuwa, kama angepata nafasi, ingembidi aandike fafanuzi nyingine kwa maana za wazi zinazojitokeza upya kila siku. Zinajitokeza upya kila siku! Kwa watu hawa maana ya wazi haikuwa ile uliyoanza nayo utotoni. Ilikuwa inachimbwa.

Na Rashbam alichimba pasipotarajiwa. Kutoka 13:9 inasema jambo hili litakuwa "ishara kwako katika mkono wako". Wayahudi huvaa visanduku vya ngozi vyenye maandiko mkononi na kichwani kwa amri hiyo. Rashbam akasema kwamba kwa kina cha maana yake ya wazi, andiko linakusudia ukumbusho wa kudumu, kana kwamba limeandikwa mkononi mwako, mithili ya Wimbo Ulio Bora unaposema "Nitie kama muhuri moyoni mwako". Ibn Ezra hakukubaliana naye. Kwa hiyo hapa maana ya wazi ikawa tamathali, na sheria ndiyo iliyoshika herufi! Lakini Rashbam hakuiacha sheria. Alishikilia kwamba amri zinatokana na mapokeo ya wahenga na ndizo kiini. Yeye alikuwa akifanya kazi nyingine kando yake, ya kuuliza maneno yenyewe yanasemaje. Kuziweka kazi hizo mbili mbalimbali bila kuiangusha hata moja kulihitaji akili iliyotulia sana.

Miaka hiyohiyo, Paris, katika nyumba ya watawa ya Saint-Victor, Hugh, aliyefariki mwaka 1141, aliwakemea wanafunzi waliorukia mafumbo kabla ya kujua historia. Mwanafunzi wake Andrew, aliyefariki mwaka 1175, alienda kuwauliza Wayahudi. Ufafanuzi wake wa manabii umejaa maneno "Wayahudi husema". Alipofika Isaya 7:14, ule mstari wa bikira atakayechukua mimba, aliyaweka maelezo ya Kiyahudi waziwazi, na mwenzake Richard wa nyumba hiyohiyo akaandika kitabu kumkaripia. Baadaye mtawa wa Kifransisko Nicholas wa Lyra, kati ya 1322 na 1331, aliifasiri Biblia nzima kwa maana ya wazi akimtaja Rabi Solomoni, yaani Rashi, kila mara. Kitabu chake kilichapishwa Roma mwaka 1471 na 1472, na Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alikitumia. Cha Rashi chenyewe ndicho kitabu cha kwanza cha Kiebrania chenye tarehe ya kuchapishwa, huko Reggio di Calabria, mwaka 1475.

Lakini nisikupe picha ya ndugu waliokaa mkeka mmoja. Rashi alisomea Mainz na Worms, na mwaka 1096 jamii za Wayahudi wa miji hiyo zilichinjwa na makundi ya wapiganaji wa msalaba. Mwaka 1240 Talmudi, kitabu kikubwa cha mapokeo ya marabi, ilishtakiwa Paris, na mwaka 1242 mikokoteni ya nakala zake ikachomwa moto. Mwaka 1306, miaka 16 kabla Nicholas hajaanza kuandika, Wayahudi walifukuzwa katika ufalme wa Ufaransa. Familia ya Maimonides iliihama Cordoba baada ya Wamuwahidi, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini, kuuteka mji mwaka 1148, na Ibn Rushd mwenyewe mwaka 1195 alipelekwa uhamishoni Lucena na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Walisomana huku baadhi yao wakiwa chini ya upanga wa wengine. Nicholas aliyejifunza mengi kwa Rashi aliandika pia vitabu vya kuwapinga Wayahudi.

Waislamu nao walikuwa na mlango wao kwa vitabu vya wengine, na walibishana upana wake. Al-Tabari alipokea simulizi nyingi kutoka kwa watu kama Ka'b al-Ahbar na Wahb bin Munabbih, zile ziitwazo Israiliyati, yaani simulizi zilizotoka kwa Wayahudi na Wakristo. Ibn Kathir, aliyefariki Damascus mwaka 1373, akimfuata mwalimu wake Ibn Taymiyya, alizigawa: inayolingana na Kurani na Sunna inakubaliwa, inayopinga inakataliwa, na ile isiyosema hivi wala vile haisadikiwi wala haikanushwi. Karne moja baadaye huko Cairo, al-Biqa'i, aliyefariki mwaka 1480, alifanya ambalo wafasiri hawakulizoea: badala ya simulizi za mdomo alinukuu Torati na Injili zenyewe, kwa kurasa nyingi, ndani ya tafsiri ya Kurani. Alishambuliwa vikali, naye akaandika kitabu cha kujitetea kwamba inajuzu.

Sasa Wimbo Ulio Bora. Waliusoma kuliko unavyodhani, na hawakuuonea haya. Rashi aliufasiri kama historia: mwanamke ni Israeli aliye uhamishoni, kama mjane ambaye mumewe yu hai, akikumbuka upendo wa siku za Kutoka Misri. Lakini angalia anavyofanya. Kwanza anaeleza picha yenyewe ya mapenzi, kwa maneno yake, ndipo anaipeleka kwa Israeli. Ibn Ezra alikitenga kitabu hicho katika mizunguko mitatu: wa kwanza anaeleza maneno magumu, wa pili anasimulia kisa cha wapenzi wawili kama kilivyo, wa tatu anafikia fumbo la Mungu na watu wake. Hakuna kilichorukwa. Gersonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi, kule Provence, kusini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 1325, aliuona kuwa ni habari ya akili ya mwanadamu inavyopanda kuelekea ukamilifu wake.

Kwa Wakristo ndicho kitabu kilichopendwa mno na watawa, wanaume walioapa kutooa. Bernard wa Clairvaux alianza kukihubiri mwaka 1135, na mstari "Na anibusu kwa busu la kinywa chake" ulimchukua mahubiri kadhaa peke yake. Kwake busu hilo ni Neno la Mungu likikutana na roho. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa amefikisha mahubiri 86, naye yuko mwanzo wa sura ya 3. Gilbert wa Hoyland akapokea kijiti, akaongeza mahubiri 48, akafa akiwa sura ya 5. Aliyeimaliza kazi ni John wa Ford, kwa mahubiri mengine 120, na kitabu chenyewe kina sura 8 tu.